Bakteria wa Ukeni na Hatari ya VVU: Mambo Yanayompasa Kila Mkazi Kuyafahamu

Yapo maradhi ambayo watu huyataja hadharani, na yapo ambayo husemwa kwa kunong'ona hata mbele ya muuguzi. Miongoni mwa hayo ya kunong'onwa ni lile la mwanamke kutokwa na majimaji yasiyo ya kawaida ukeni, yenye harufu ya shombo kama ya samaki. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la aibu, wengi hulivumilia kwa miezi. Baadhi hujiosha ndani kwa sabuni, ndimu, shabu au ugoro. Baadhi hununua dawa za fangasi dukani bila kupimwa. Wengine huingia katika ugomvi wa ndoa, mume akiamini kuwa harufu ile ni dalili kwamba mkewe ametoka nje.

Makala haya yanaeleza hali hiyo ni nini, inatibiwaje, na kwa nini kila kaya inapaswa kuichukulia kwa uzito. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba mwanamke mwenye hali hii anaweza kuambukizwa Virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi kuliko asiyekuwa nayo.

Walinzi wasioonekana

Uke wa mwanamke mwenye afya si mahali pasipo na vijidudu. Humo wanaishi bakteria kwa mamilioni, na walio wengi wana manufaa. Wakuu miongoni mwao huitwa laktobasili, nao ni ndugu wa karibu wa bakteria wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Kama wenzao wanavyoyachachusha maziwa ndani ya kibuyu, hawa wa ukeni hutumia sukari inayotokana na utando wa uke na kutengeneza asidi ya laktiki. Asidi hiyo huufanya uke uwe na uchachu, kipimo chake cha pH kikiwa 4.5 au chini ya hapo. Vijidudu vingi vya maradhi havistawi katika uchachu huo, na vipimo vya maabara vimeonesha kwamba asidi ya laktiki huvidhoofisha hata VVU.

Wakati mwingine walinzi hawa hupungua. Nafasi yao hutwaliwa na bakteria wa aina nyingine, hasa wale wanaostawi pasipo na oksijeni, wakiwamo Gardnerella na Prevotella. Uchachu hupotea, majimaji hubadilika, na ile harufu ya shombo hutokea. Wataalamu huiita hali hiyo vajinosisi ya bakteria. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 23 hadi 29 wanayo. Wengi wao hawana dalili yoyote, wala hawajui kwamba wanayo.

Kwa hiyo hali hii hutokea pale mizani kati ya bakteria wenye manufaa na wengineo inapovurugika. Haitokani na uchafu wa mwili, na mwanamke anayeoga mara tatu kwa siku anaweza kuipata.

Si kila majimaji ni fangasi

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuziita dalili zote za ukeni kwa jina moja la fangasi. Maradhi haya yanatofautiana, na dawa zake ni tofauti.

Katika vajinosisi ya bakteria, majimaji huwa mepesi, yenye rangi nyeupe iliyofifia au ya kijivu. Harufu ya shombo huzidi baada ya tendo la ndoa au wakati wa hedhi. Muwasho mkali si kawaida yake.

Katika fangasi, utoko huwa mzito na mweupe mfano wa maziwa yaliyogandana. Muwasho huwa mkali, na kwa kawaida hakuna harufu mbaya.

Katika trikomona, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, majimaji yanaweza kuwa ya njano au kijani yenye povu, pamoja na muwasho na maumivu wakati wa kukojoa. Kisonono na klamidia nazo zinaweza kuleta majimaji, na mara nyingi kwa mwanamke hazioneshi dalili yoyote.

Dalili hizi huingiliana, na mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya tatizo moja. Ndiyo maana hakuna anayeweza kujitambua kwa hakika akiwa nyumbani, wala muuza duka hawezi kumtambua mteja kwa kumsikiliza tu akiwa amesimama kaunta.

Wala si ushahidi wa uzinzi

Vajinosisi ya bakteria ina uhusiano na kujamiiana, kwa maana kwamba huwapata zaidi wanawake wenye mwenza mpya na wale wasiotumia kondomu. Hata hivyo, huwapata pia wanawake wenye mume mmoja tangu siku ya harusi. Kujiosha ndani ya uke, kuvuta sigara na mabadiliko yanayoletwa na hedhi ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa nayo. Kwa sababu hiyo, kuwapo kwake hakuwezi kuwa ushahidi wa mke kutoka nje ya ndoa, sawa na vile homa isivyoweza kuwa ushahidi wa mahali mtu alipolala jana.

Tunalisisitiza hili kwa kuwa hofu ya kushutumiwa ndiyo inayowazuia wanawake wengi kufika kituoni mapema, na kuchelewa huko kuna gharama zake.

Jinsi hali hii inavyoifungulia VVU mlango

Uchunguzi wa kitaifa wa matokeo ya VVU uliofanyika Tanzania mwaka 2022 na 2023 ulionesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 5.6 ya wanawake walikuwa na maambukizi, ikilinganishwa na asilimia 3.0 ya wanaume. Tofauti hiyo ina sababu nyingi: umaskini, ukatili wa kijinsia, mabinti kuwa na wenza waliowazidi umri, na maumbile yenyewe. Bakteria wa ukeni ni sehemu mojawapo ya fumbo hilo, na njia zinazowaunganisha na VVU zinafahamika.

Kwanza, asidi inapopungua, kinga ya awali hupungua. Pili, bakteria waliochukua nafasi hutoa vimeng'enya vinavyoumeng'enya ute unaofunika utando wa uke na kuudhoofisha utando wenyewe, ukawa kama ukuta uliobanduka lipu. Tatu, mwili huitikia uvamizi huo kwa kupeleka askari wake ukeni, yaani chembechembe nyeupe za damu, zikiwamo zile za CD4. Kwa bahati mbaya, hizo za CD4 ndizo ambazo VVU huzitafuta ili kuingia mwilini. Hivyo mwili unapojitahidi kujilinda, huwa umekisogeza karibu na mlango kile hasa anachokitaka mwizi.

Takwimu zinakubaliana na maelezo hayo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliojumuisha tafiti mbalimbali, ulibaini kwamba wanawake wenye vajinosisi ya bakteria walikuwa na hatari ya kuambukizwa VVU iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 60. Tuifafanue takwimu hiyo ili isieleweke vibaya. Haina maana kwamba wanawake 60 kati ya 100 wataambukizwa. Maana yake ni kwamba endapo katika kundi la wanawake wasio na hali hii wangeambukizwa 10, basi katika kundi lenye idadi hiyohiyo la walio nayo wangeambukizwa takriban 16. Utafiti mwingine, uliofanyika Durban nchini Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2017, ulifuatilia wasichana wenye umri wa miaka 18 hadi 23. Wale ambao laktobasili wao walikuwa wametoweka na nafasi kutwaliwa na mchanganyiko wa bakteria wengine walipata VVU mara nne zaidi ya wale waliokuwa na laktobasili wa aina bora.

Hatari hii haiishii kwa mwanamke. Mwaka 2012 zilichapishwa takwimu za wenza zaidi ya 2,000 kutoka nchi saba za Afrika, ambapo mwanamke alikuwa na VVU na mwanamume hakuwa nayo. Pale mwanamke alipokuwa na vajinosisi ya bakteria, hatari ya mwanamume kuambukizwa iliongezeka zaidi ya mara tatu. Aidha, kwa mjamzito, hali hii inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Tiba ipo, lakini ina mipaka yake

Dawa inayotumika zaidi ni metronidazoli, ambayo wengi wanaifahamu kwa kutibu amiba. Kwa kawaida vidonge humezwa kwa siku saba. Wakati mwingine hutolewa krimu ya klindamaisini ya kupaka ukeni. Dozi imalizwe yote hata kama harufu imekwisha siku ya tatu, na ni vema kuepuka pombe wakati wa matibabu. Mwanamke mwenye ujauzito amweleze mhudumu mapema ili apewe tiba inayomfaa.

Dawa hizi huondoa dalili kwa wengi. Hata hivyo, msomaji anapaswa kufahamu mapema kwamba hali hii ina tabia ya kurudi: zaidi ya nusu ya wanaotibiwa huipata tena ndani ya mwaka mmoja. Dawa huwaua bakteria wasiotakiwa, lakini haiwapandi upya laktobasili waliopotea. Anayerudiwa na dalili arudi kituoni bila kuona haya, kwa kuwa kurudi kwake hakumaanishi kwamba amekosea.

Je, kutibiwa hali hii humwondolea mwanamke ile hatari ya VVU? Tafiti mbili za Afrika Mashariki zinatusaidia kulijibu swali hili kwa uangalifu.

Ya kwanza ilifanyika vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 1995. Katika jamii sita, huduma za magonjwa ya ngono ziliimarishwa katika vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo: wahudumu walifunzwa, dawa zikapatikana wakati wote, na wananchi wakahamasishwa kuwahi matibabu. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii hizo, na asilimia 1.9 katika jamii nyingine sita zilizolinganishwa nazo. Hilo ni punguzo la takriban asilimia 40.

Ya pili ilifanyika Rakai, nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 1999. Huko watu wazima wa jamii nzima waligawiwa dawa, metronidazoli ikiwamo, kila baada ya miezi kumi, wawe na dalili au wasiwe nazo. Maambukizi mapya ya VVU hayakupungua kuliko katika jamii zisizopewa dawa hizo. Vajinosisi ya bakteria yenyewe ilipungua kidogo tu.

Wataalamu wametoa sababu kadhaa za tofauti hiyo, ikiwamo kwamba janga lilikuwa limefikia hatua tofauti katika maeneo hayo mawili. Kwa mkazi wa kata, funzo ni hili: dawa inayogawiwa mara moja na kusahauliwa haitoshi, kinachosaidia ni huduma ya kudumu iliyo karibu, ambayo mtu huiendea kila anapopata dalili. Tiba ya vajinosisi ni ya lazima kwa afya na utu wa mwanamke, lakini isichukuliwe kuwa ngao dhidi ya VVU. Ngao ya VVU zipo, na tunazitaja hapa chini.

Wanasayansi wanaendelea pia kutafuta namna ya kuwarudisha walinzi wenyewe. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani, ambapo wanawake waliotibiwa kwa metronidazoli waliwekewa ukeni laktobasili waliotayarishwa kitaalamu. Hadi wiki ya 12, hali ilikuwa imewarudia 30 kati ya 100, wakati katika kundi la kulinganisha iliwarudia 45 kati ya 100. Laktobasili hao walichaguliwa na kusafishwa maabara. Mtu asijaribu kujiwekea mtindi wa nyumbani kwa kusikia habari hii. Bakteria wa mtindi si hao, na uchafu unaoweza kuingia nao ni hatari.

Bakteria na dawa za kinga

Mwaka 2010, jaribio lililofanyika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, lilionesha kwamba jeli ya ukeni yenye dawa ya tenofovira ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 39. Matokeo yalileta matumaini, lakini ilikuwa vigumu kueleza kwa nini kinga haikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2017 sehemu ya jibu ilipatikana. Kwa wanawake waliokuwa na laktobasili wengi, jeli ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61. Kwa wasiokuwa nao, kwa asilimia 18 tu. Maabara ilionesha kwamba Gardnerella na wenzake waliivunjavunja dawa kabla haijaingia katika chembechembe za mwili.

Habari njema ni kwamba tatizo hilo halikuonekana kwa vidonge vya kumeza. Vidonge vya dawa kinga, ambavyo wengi huviita PrEP, hufika mwilini kupitia damu. Uchambuzi wa jaribio lililofanyika Kenya na Uganda, uliochapishwa pia mwaka 2017, ulionesha kwamba viliwalinda wanawake wenye vajinosisi ya bakteria sawa na wasio nayo. Kwa hiyo mwanamke aliyeanza dawa kinga asiiache kwa sababu ana majimaji. Aendelee kumeza kila siku, na atibiwe majimaji hayo.

Kujiosha ndani: jitihada inayoleta madhara

Uke hujisafisha wenyewe. Sehemu ya nje huoshwa kwa maji safi, na hilo latosha. Sabuni, ndimu, siki, shabu, ugoro na manukato vinapoingizwa ndani huwaondoa laktobasili au kuuchubua utando. Harufu hupotea kwa siku mbili, kisha hurudi kwa nguvu zaidi, na mwanamke huongeza kuosha. Huo ni mzunguko usio na mwisho.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti 13 na takwimu za wanawake zaidi ya 14,000 wa Afrika kusini mwa Sahara, ulibaini kwamba maambukizi ya VVU yalikuwa mengi zaidi kwa asilimia 24 miongoni mwa waliojiosha ndani kwa sabuni, kwa asilimia 31 miongoni mwa walioingiza vitu vya kukausha au kubana uke, na kwa asilimia 47 miongoni mwa waliojifuta ndani kwa kitambaa au karatasi. Takwimu za namna hii haziwezi kuthibitisha peke yake kwamba kuosha ndiko kulikoleta maambukizi, lakini zinatosha kutushauri tuiache desturi hiyo. Tunawaomba makungwi, mashangazi na bibi zetu, ambao ndio walimu wa mabinti, wawe wa kwanza kulifikisha fundisho hili.

Nafasi ya mwanamume

Utafiti uliofanyika nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2025 umebadili mtazamo wa wataalamu. Wanawake wenye mwenza mmoja wa kudumu walitibiwa kama kawaida; katika nusu ya wenza hao, mwanamume naye alitibiwa kwa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini kwa siku saba. Ndani ya wiki 12, hali iliwarudia wanawake 35 kati ya 100 pale mwanamume alipotibiwa, na 63 kati ya 100 pale ambapo hakutibiwa. Ni dhahiri kwamba bakteria hawa wanaweza kumrudia mwanamke kutoka kwa mwenza wake, bila yeyote kati yao kuwa amekosa uaminifu.

Mume asimeze vidonge vya mkewe. Kugawana dozi huwaacha wote wawili bila tiba kamili. Linalofaa ni kufuatana na mkewe kituoni ili mhudumu aamue. Kondomu nayo hupunguza uwezekano wa hali hii kurudi. Tohara ya kitabibu pia ina manufaa: jaribio la Rakai lililochapishwa mwaka 2009 lilionesha kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa walipata vajinosisi ya bakteria kwa takriban asilimia 40 pungufu.

Huduma za kufuata kituoni

Mkazi mwenye dalili zilizoelezwa humu afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Ana haki ya kusikilizwa faragha, na anaweza kuomba ahudumiwe na mhudumu wa kike. Anachotakiwa kusema ni kifupi tu: "Natokwa na majimaji yenye harufu." Mhudumu ataendelea kuuliza yanayohitajika. Mwenye kadi ya bima ya afya aje nayo.

Akiwa hapo, aombe pia mambo yafuatayo:

1. Kupima VVU, huduma inayotolewa bila malipo. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi, na mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe.

2. Kuchunguzwa magonjwa mengine ya zinaa, ikiwamo kaswende.

3. Ushauri kuhusu dawa kinga, kwa aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa, kwa mfano mwenye mwenza anayeishi na VVU.

4. Kondomu, pamoja na maelezo ya matumizi yake sahihi.

Aliyebainika kuwa na VVU huanzishiwa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Akizitumia vizuri hadi virusi visionekane katika kipimo, hawezi kumwambukiza mwenza wake kwa njia ya kujamiiana. Aliyebakwa, au aliyekutana na hatari ya ghafla, afike kituoni mara moja, kabla ya kupita saa 72, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi.

Mwenye homa, maumivu ya tumbo chini ya kitovu, au damu isiyo ya hedhi asisubiri hata siku moja. Hizo ni dalili za maradhi mazito zaidi. Mjamzito mwenye majimaji yasiyo ya kawaida naye afike bila kungoja tarehe ya kliniki.

Ugonjwa usiotajwa hautibiwi. Majimaji yenye harufu ya shombo ni jambo la kawaida kitabibu, lina jina, lina dawa, na halimwondolei mwanamke heshima yake. Asiyeweza kufika kituoni peke yake amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chake, naye atamsindikiza.